Chumba cha Mahindi

Nyumba yetu ya hapa Mpanda ina vyumba vitatu: cha kwetu, cha watoto, na cha mahindi. Mtu wa jiji kubwa angekiita hicho cha tatu chumba cha wageni, maana kina kitanda kizuri, chandarua, na pazia nililolishona mwenyewe kwa cherehani yangu. Lakini ukweli ni kwamba wenye chumba ni magunia. Yamepangwa ukutani mpaka karibu na dari, na mgeni akilala anaweza kunyoosha mkono akayapapasa.

Msinicheke. Mimi ni mtoto wa kijiji cha Mamba, kwenye mpunga na mahindi, na mama yangu alitulea akiamini kwamba mgeni wa heshima hulazwa kwenye chakula. Ukimlaza sebuleni atakesha akijiuliza kesho mtakula nini. Ukimlaza kwenye magunia anapata usingizi mzito, kwa sababu ameona mwenyewe kwamba nyumba hii haina njaa, na akirudi kwao atakuwa na la kusimulia. Mama akiingia kwa mtu, kabla hajauliza hali ya watoto ameshayapitia magunia kwa jicho. Mabinti zake wote tumeolewa, na wote tuna chumba cha mahindi chenye kitanda.

Shida ni kwamba ukiishi na chakula, huishi nacho peke yako. Kuna panya, kuna fukusi, na kuna huyu mdudu dumuzi, anayetoboa mahindi mpaka unalikuta gunia limesimama vizuri kwa nje na ndani ni unga mtupu, na hata huo unga hauliwi. Ndiyo maana nyumba zetu za huku zina sumu nyingi kuliko chumvi. Mume wangu alikuwa na tabia ya kuhifadhi kila kitu kwenye chupa ya kitu kingine. Mafuta ya taa kwenye chupa ya juisi. Dawa ya tumbaku, aliyopewa na kaka yake anayelima Katumba, kwenye chupa ya soda juu ya mlango. Siku niliyokuta dawa ya mchwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, tena na kifuniko chake kile kile cha bluu, nilimfokea mpaka majirani wakazima redio ili wasikie vizuri. Kifungua mimba wetu alikuwa na umri wa kunywa chochote kinachomwagika. Sikuwa na utani.

Mume wangu si mtu wa kubishana. Ni fundi pikipiki, na mafundi wana dini yao: kitu kikiharibika, unakitengeneza. Kesho yake alipigilia sanduku la mbao nyuma ya nyumba, juu kabisa, akalitia kufuli, akahamishia humo sumu zote. Kila chupa akaipaka rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka tanki la pikipiki ya mteja. Nikatembea kwa maringo mtaani. Nilijua vita nimeishinda, na kwamba hatari yote ya nyumba yangu sasa imefungiwa kwenye kufuli.

Sasa niwaeleze kuhusu mume wangu na mama yangu, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Kwetu, na hata kwao huko upande wa Tabora, ukwe si mchezo. Tangu anioe hakuwahi kumpa mama yangu mkono. Hakuwahi kuingia chumba alichokaa. Hakuwahi kumtazama usoni. Alimfahamu kwa kandambili zake: akizikuta mlangoni anavua kofia, anazunguka nyuma ya nyumba, anakaa kwenye kigoda karibu na banda la kuku mpaka nimletee chakula. Mama naye akisikia mlio wa pikipiki anajitanda khanga mpaka kwenye paji la uso. Wakiwa na jambo la kuambiana, mimi ndiye redio.

"Mwambie mama shikamoo," anasema huyu kutoka nyuma ya ukuta.

"Mwambie marahaba," anajibu yule, ambaye amesikia vizuri kabisa.

Cha kuchekesha ni kwamba kwenye simu walikuwa wanaongea kama marafiki wa utotoni. Mvua, bei ya mpunga, pikipiki gani inahimili barabara ya Mwese. Wakati mwingine mama alipiga simu yangu, akanisalimia haraka haraka, kisha: "Mwenzio yupo? Hebu mpe." Nikamuuliza siku moja hiyo heshima imekwenda wapi. Akasema simu haina sura.

Mwaka ule nilikuwa na mimba ya tatu, miezi minane, nimevimba miguu na nina hasira za bure. Mama alikuwa amesema atakuja wiki inayofuata kunisubiri nijifungue. Mume wangu akalipokea hilo kama fundi. Mwaka uliotangulia dawa ya unga, ile ya kuchanganya na mahindi, ilikuwa imeshindwa, dumuzi wakaila kama bizari. Akaona kabla mgeni hajafika, mahindi yatengenezwe. Akaenda kwenye duka la pembejeo, akauziwa vidonge vya kufukiza, vile ambavyo ukiviweka kwenye gunia vinatoa hewa inayoua kila kinachopumua. Vilikuwa vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, kama karanga, bila kopo wala maandishi. Muuzaji alimwambia kwa mdomo tu: chumba kisilalwe na mtu.

Asubuhi mimi niliwaacha watoto kwa mama jirani, nikaenda kliniki. Yeye akabaki akaviweka, magunia akayafunga, akayafunika turubai, akafunga dirisha, akavuta mlango, akaenda gereji. Alijua nitarudi mchana na kwamba ataniambia wakati wa kula. Alijua mama ni wiki ijayo. Kila alichokijua kilikuwa sahihi mpaka saa nne, mama aliponipigia simu.

"Mwanangu, nipo Sitalike, nawaona viboko hawa wanapiga miayo. Weka maji ya kuoga."

Mama ndivyo alivyo. Jirani yake alikuwa anasafiri, akapata mwenza wa safari, akapanda. Nikaenda stendi kumpokea, nikamkuta amekaa juu ya kiroba cha mchele, jogoo kwapani, vumbi la njia nzima usoni, anamfundisha kondakta namna ya kufunga mizigo. Mgeni njoo mwenyeji apone, nikasema, na nilimaanisha. Nilikuwa na hamu na mama yangu mpaka nilitaka kulia pale pale stendi.

Alioga, akanywa chai. Nikamfungulia chumba. Kulikuwa na harufu humo, ya kitunguu swaumu kilichoanza kuoza, na chini yake kitu kama samaki. Mama akakunja pua.

"Nyie mnanuka dagaa mpaka vyumbani?"

"Wa Karema hao, mama. Nitawahamisha."

Na kweli nilikuwa na kiroba cha dagaa jikoni, na nyumba ya huku isiyonuka dagaa ni nyumba ya kuhurumiwa. Sikuwaza zaidi. Kama ningewaza dawa, ningewaza ile ya unga tuliyokua nayo, ambayo tulilala nayo utoto mzima. Mama akaliona turubai akafurahi.

"Umeyafunika kama mwali," akasema, akalipigapiga kwa kiganja. Akavua khanga ya kichwani, akajilaza, akayageuzia magunia uso wake. Nikafunga mlango kwa sababu ya kuku, na kwa sababu upepo wa kiangazi wa hapa unakuja na nusu ya barabara. Nikampelekea mama jirani yule jogoo anichinjie, nikarudi jikoni.

Mchuzi ulikuwa umeanza kuchemka niliposikia pikipiki. Ikazimwa ghafla. Nikajua ameziona kandambili. Nikamsikia anazunguka nyuma ya nyumba, taratibu, na akatokea mlango wa jiko ameshika kofia mkononi, anatabasamu.

"Mama kaja leo?" alinong'ona. "Mbona hukuniambia? Mwambie shikamoo."

"Kajilaza. Mwenyewe utamwambia kwenye simu."

"Kajilaza wapi?"

"Chumba cha mahindi. Ulitaka nimlaze kwenye jiko?"

Nilikuwa nakoroga, sikumtazama. Nikageuka kuchukua chumvi. Kofia ilikuwa imeanguka.

"Nimeweka vidonge," akasema.

"Vidonge gani?"

"Vya kufukiza. Kwenye magunia, asubuhi. Mle hapatakiwi mtu."

Nilitoka na mwiko mkononi. Nilikimbia, kwa kadiri mwanamke wa miezi minane anavyoweza kukimbia, huku nikimwita mama. Mume wangu akanidaka khanga kwenye ukumbi, akanivuta nyuma kwa nguvu ambayo hakuwahi kuitumia kwangu.

"Wewe hapana! Ile hewa itampata na mtoto!"

"Basi ingia wewe!"

Akafika mlangoni akasimama. Naapa nilimwona akisimama. Si kwamba alikuwa mwoga, mtu huyu amewahi kumfukuza fisi kwa spana. Miguu yenyewe ilikataa. Ndani ya chumba kile alikuwa amelala mama mkwe wake, kichwa wazi, na tangu utotoni alifundishwa kwamba mbele ya mlango wa namna hiyo mwanaume anageuka. Tukagonga, tukaita. Ndani tukasikia mtu akiguna, kisha hatukusikia kitu. Mimi nikamsukuma nipite, akanizuia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akatoa simu akampigia.

Ikaita. Mama alikuwa ameweka mlio wa kwaya, sauti za akina mama na kinanda. Kwaya ikaimba mle ndani, sentimita chache kutoka masikioni mwake, ikaimba mpaka mwisho, ikakatika. Akapiga tena. Ikaimba tena. Mama yangu hajawahi kuacha simu iite mara mbili. Anapokea hata akiwa kanisani, anajificha chini ya benchi.

Mume wangu akanitazama, nami nikamtazama. Hapakuwa na mtu wa tatu. Akavuta pumzi ndefu, kifua kikajaa, akabana midomo. Kisha akafumba macho, akausukuma mlango, akaingia.

Nilidhani anasali. Ndipo nikaelewa kwamba anaingia vile vile, macho yamefumbwa, ili asimwone.

"Fumbua macho wewe!" nilipiga kelele, na yeye hakunijibu kwa sababu alikuwa amebana pumzi. Nikasikia goti likigonga kitanda. Nikasikia chandarua kikichanika. Nikasikia sauti ya mtu anayenyanyua mzigo, na mama yangu, Mungu amzidishie, si mtu wa kunyanyuliwa kirahisi. Wakatokea. Alikuwa amembeba begani kama gunia, macho bado yamefumbwa, uso umejikunja, na kichwa cha mama kikagonga fremu ya mlango.

"Kulia! Kulia kwako! Shuka ngazi!"

Nikamwongoza kwa sauti mpaka uani, mimi na mwiko wangu, naye akaenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo, shuka mbichi ikawafunika wote wawili. Kama nisingekuwa nalia, ningecheka mpaka nijifungue. Akamlaza chini, upande unakotoka upepo, akageuka akampa mama mgongo, na hapo ndipo alipofumbua macho na kuvuta pumzi.

Mama alikuwa na rangi ya majivu. Akatapika. Akashika kifua, akasema kichwa kinapasuka, akauliza kama basi limefika. Mama jirani aliyesikia kelele akaja mbio na kikombe cha maziwa, maana huku kwetu sumu yoyote tunaijibu kwa maziwa. Nilikuwa nimeshakipokea.

"Usimpe!" mume wangu akasema, bado ametupa mgongo. "Hajajitambua vizuri. Atapaliwa."

Bajaji ikaitwa. Njiani mama aliegemea mapajani kwangu, juu kidogo ya kichwa chake mtoto akipiga mateke, na mimi niliwashika wote wawili na kuogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa tena. Mume wangu alitufuata nyuma na pikipiki. Hospitali daktari akaomba kopo la dawa asome ni nini. Hatukuwa na kopo, tulikuwa na kipande cha gazeti. Ikabidi mume wangu asimame nje ya dirisha la wodi, ameligeuzia mgongo, amweleze daktari rangi ya vidonge, ukubwa, harufu, na aliviweka vingapi. Daktari akaelewa. Alisema hewa ile haina dawa ya kuiondoa mwilini, kinachofanyika ni kumsaidia mgonjwa apumue na moyo wake ulindwe mpaka mwili ujisafishe. Wakamwekea oksijeni na dripu. Akatuambia wazi kwamba kama angeendelea kulala, asingeamka. Kuhusu maziwa akasema mume wangu alifanya vizuri, na kwamba mimi nikae mbali na nyumba ile mpaka ipitishwe hewa siku kadhaa.

Tulilala kwa mama jirani. Mume wangu alifungua milango na madirisha akiwa amebana pumzi, akaingia na kutoka mara nyingi. Alikuta panya wamekufa wamepangana chini ya kitanda. Aliniletea habari hiyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa rambirambi.

Tangu hapo mahindi yetu yamehamia kibanda cha nje, na yanakaa kwenye ile mifuko ya tabaka tatu, inayofungwa mpaka hewa isiingie. Dumuzi wanakosa pumzi wenyewe, bila kidonge. Bwana shamba ndiye aliyetuonyesha, na alishangaa kusikia kwamba tulikuwa tunalaza wageni kwenye dawa. Nilimweleza habari ya heshima ya mgeni. Akasema nimwonyeshe mgeni kibanda mchana, kisha nimlaze pengine.

Lakini siku zile nilikuwa na mgonjwa mwingine, na huyu hakuwa na dripu. Mume wangu aliacha kula. Mama alikuwa anapata nafuu, ameanza kuwapangia wauguzi kazi, na huyu bwana alikuwa nje ya ua wa hospitali amekaa juu ya pikipiki, ameinama.

"Nimembeba mama yako," akaniambia. "Nimemshika. Hapa, na hapa. Nitaishi naye vipi?"

"Ungemwacha ungeishi naye vipi?"

"Najua. Hilo najua. Lakini nimemshika."

Alimpigia mjomba wake Tabora, na mjomba akasema jambo hilo ni zito, apeleke mbuzi na maneno ya kuomba radhi, na huenda mama mkwe akakataa kukanyaga kwake tena. Hicho ndicho kilichokuwa kinamla. Mtu huyu hakuwa na mama, alimzika kabla hatujaoana, na yule wa kwenye simu ndiye aliyebaki naye. Sasa hata simu yake hakuipokea. Mama alipiga kutoka kitandani, mara kadhaa, na yeye akaiangalia ikiita mpaka ikakatika. Nilimpenda siku zile kuliko siku ya harusi, na pia nilitaka kumpiga na spana.

Siku ya kuruhusiwa, mama alitoka wodini kwa miguu yake, bandeji ndogo mkononi pale sindano ilipokuwa, nundu juu ya paji la uso. Mume wangu alikuwa ameleta bajaji. Alipotuona akaenda kusimama kwenye ukuta, ameuelekea ukuta, mikono nyuma.

Mama akasimama. "Mwambie ageuke."

Nikaenda. "Mama anasema ugeuke."

"Mwambie mama siwezi. Mwambie mbuzi nimeshamtafuta. Mwambie naomba radhi."

Nikarudi kufikisha ujumbe, kama kazi yangu ilivyo, lakini mama alikuwa ameshanipita. Alitembea taratibu mpaka pale ukutani, akasimama nyuma yake, karibu kabisa. Khanga ilikuwa mabegani. Hakuipandisha.

"Siku ile uliingia umefumba macho?" akamuuliza. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Mume wangu akaujibu ukuta. "Ndiyo, mama."

"Njia nzima?"

"Njia nzima, mama. Sikuona kitu. Nakuapia."

Mama akaigusa ile nundu, akaipapasa.

"Na hii?"

"Fremu ya mlango, mama."

Watu waliokuwa wanapita walianza kusimama. Mama akanyoosha mkono, ule wenye bandeji, akamshika bega, akamgeuza kama alivyokuwa akitugeuza sisi tulipokuwa wadogo na tumenuna.

"Siku nyingine ukija kunitoa kwenye kifo, mwanangu," akasema, "njoo umefumbua macho."

Mume wangu akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu anioe akamtazama mama yangu. Alikuwa analia. Mama naye alikuwa analia, na hakuna aliyeniambia nimwambie mwenzake chochote.